Ngeli ya Mnyoo: Utata wa Kuainisha Minyoo Bapa wa Samaki

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa nomino "mnyoo" iko katika ngeli gani, jibu lake litategemea mahali anapoanzia. Akitazama viambishi, ataona m- katika umoja na mi- katika wingi, naye ataiweka pamoja na mti na miti, mkono na mikono. Akitazama upatanisho wa kisarufi, atakumbuka kwamba mnyoo ni kiumbe mwenye uhai na kwamba Kiswahili sanifu husema "mnyoo huyu ameonekana" na "minyoo hawa wameonekana". Kwa hivyo ataiweka katika A-WA pamoja na mtu na kiboko. Papo hapo, nje ya darasa, wasemaji wengi husema "minyoo hii imemsumbua mtoto" wala hawahisi kwamba wamevunja kanuni yoyote. Kigezo kimoja kinatoa jibu moja, kigezo cha pili kinatoa jingine, ilhali nomino yenyewe haijabadilika hata kidogo.

Makala haya yanamhusu mnyoo mwenyewe zaidi ya neno lake. Wanabiolojia nao wana mgogoro wa vigezo, tena mkongwe kuliko wetu, mintarafu ya minyoo bapa wanaoishi ndani ya samaki au juu ya ngozi na mashavu yake. Ni sadfa njema kwamba Kiswahili kimelitumia neno lile lile "ngeli" kwa mojawapo ya madaraja ya uainishaji wa viumbe: faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Msomaji aliyepitia mijadala ya ngeli za nomino, tangu Bleek mwaka 1862 na Meinhof mwaka 1899 hadi vitabu vyetu vya shule vinavyotumia viambishi vya upatanisho, ataitambua sura ya mgogoro huu bila taabu.

Hata hivyo, ufanano huo una mpaka, na ni heri mpaka wenyewe uwekwe bayana mapema. Ngeli ya nomino ni mapatano ya wasemaji. Wakikubaliana kusema "kiboko amelala" badala ya "kiboko kimelala", hakuna ukweli mwingine nje ya lugha utakaowasuta. Ngeli ya viumbe hudai jambo zito zaidi: kwamba waliomo wana nasaba moja, yaani wametokana na mhenga mmoja. Dai hilo linaweza kuwa kweli au uongo. Na likiwa uongo, huathiri mambo ya nje ya vitabu: konokono gani apigwe vita katika bwawa la samaki, ndege gani azuiwe, samaki gani waruhusiwe kuhamishwa kutoka mto hadi mto, na mlaji aambiwe nini anapokuta kivimbe cha manjano katika mnofu wa tilapia.

Kapu la Linnaeus

Carl Linnaeus wa Sweden alipochapisha toleo la 10 la Systema Naturae mwaka 1758, aliwagawa wanyama wote katika ngeli 6. Ya mwisho aliiita Vermes, yaani minyoo. Ngeli hii ilikuwa kapu hasa. Mlitiwa ndani yake karibu kila kiumbe laini aliyekosa pa kuwekwa: nyungunyungu, konokono, chaza, pweza. Hata Myxine, kiumbe wa baharini ambaye leo huhesabiwa miongoni mwa jamaa za samaki, alijikuta humo kwa sababu tu ya mwili wake mrefu usio na magamba. Samaki, au jamaa yake wa karibu, akawa mnyoo.

Mnyoo bapa naye hakusalimika. Linnaeus alikuwa na jenasi aliyoiita Fasciola, neno la Kilatini lenye maana ya ukanda mdogo. Katika jenasi hiyo alimweka mnyoo wa ini wa kondoo na ng'ombe, Fasciola hepatica, na kando yake akamweka Fasciola intestinalis, mnyoo mrefu mweupe wa samaki. Wote wawili ni bapa. Kwake hilo lilitosha. Baadaye ilibainika kwamba wa pili ni tegu, naye akahamishiwa jenasi ya Ligula, iliyoanzishwa na Bloch mwaka 1782. Tegu huyo, Ligula intestinalis, atarejelewa hapa chini kwa kuwa anaishi pia katika maji yetu.

Kiswahili hakina haki ya kumcheka Linnaeus. Neno "mnyoo" ni kapu vilevile. Tuna chango na tegu, tuna nyungunyungu, lakini mtu akisema "samaki huyu ana minyoo" hatujui kama anazungumzia minyoo mviringo, minyoo bapa au mabuu ya nzi yaliyoingia baada ya samaki kuoza. Kivumishi "bapa" hupunguza mkanganyiko kwa kiasi fulani tu.

Katika karne ya 19 kapu lilianza kupanguliwa. Minyoo bapa waishio kwa kutegemea wanyama wengine waligawika polepole katika makundi makubwa matatu: trematoda, ambao miongoni mwao yumo anayesababisha kichocho, sestoda, yaani mategu, na monojenea, wadogo wanaojishikiza kwa kulabu, hasa kwenye ngozi na mashavu ya samaki. Kilicholeta shida kubwa kuliko zote ni maisha yao ya kubadilikabadilika. Mnamo 1842 Johannes Steenstrup wa Denmark alionyesha kwamba viumbe waliokuwa wakidhaniwa kuwa wanyama mbalimbali ni hatua tu za maisha ya mnyama mmoja. Kabla ya hapo lava aliyepatikana katika konokono alipewa jina lake, na mzazi wake aliyepatikana katika ndege akapewa jina jingine. Mabaki ya desturi hiyo yapo hadi leo. Majina kama Cercaria, Diplostomulum na Sparganum yanaruhusiwa na kanuni za kimataifa za majina ya wanyama kama majina ya mkusanyiko, yaani mahali pa kuwaweka lava ambao wazazi wao hawajajulikana.

Lava anayetafuta mzazi

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa jenasi ya Clinostomum. Kisa chake kinastahili kuelezwa kwa mapana.

Anayepasua tilapia wa maji baridi huenda akakuta chini ya ngozi, kwenye mashavu au ndani ya mnofu, kivimbe cha manjano chenye ukubwa wa punje ya nafaka. Kikipasuliwa, hutoka mnyoo bapa aliye hai anayejikunja na kujinyoosha. Huyo ni lava katika hatua iitwayo metaserkaria. Maisha yake yalianza kama yai majini. Yai liliangua lava mdogo aliyemwingia konokono. Ndani ya konokono akazaliana bila kujamiiana. Kizazi kilichotoka humo kikamtoboa samaki na kujifunga katika kifuko. Hapo anasubiri. Atakayekamilisha safari ni ndege mla samaki, kwa mfano korongo au mnandi. Ndege akimmeza samaki, lava hufunguka, hupanda hadi kinywani na kooni mwa ndege, na huko ndiko anakokuwa mnyoo mzima na kutaga mayai.

Ugumu wa uainishaji unatokana na mpangilio huo. Kwa kawaida trematoda hutambuliwa kwa viungo vya uzazi: umbo na nafasi ya korodani, ovari ilipo, mfuko wa uzazi unafika wapi. Kwa lava viungo hivyo bado havijakomaa. Anayepatikana kwa urahisi, kwa kuwa samaki huvuliwa kila siku, hana sifa za kutosha. Mwenye sifa za kutosha yumo kooni mwa ndege ambaye si rahisi kumpata wala si halali kumuua ovyo. Isitoshe, mnyoo bapa ni laini mno. Akibanwa kati ya vioo viwili kabla ya kuhifadhiwa, hutanuka, na vipimo vyake hupishana na vya ndugu yake aliyehifadhiwa bila kubanwa. Tofauti nyingi zilizoandikwa vitabuni kati ya spishi na spishi huenda zilikuwa tofauti za mkono wa mtafiti.

Tazama sasa majina yenyewe. Jenasi iliundwa na Joseph Leidy wa Marekani mwaka 1856. Spishi kongwe, Clinostomum complanatum, ilikuwa imekwisha kuelezwa na Rudolphi mwaka 1814; jina lake lina maana ya "aliyefanywa bapa". Mwaka 1931 Dubois aliongeza Clinostomum phalacrocoracis, yaani "wa mnandi". Mwaka 1964 Ilan Paperna akatoa Clinostomum cutaneum, "wa ngozi". Mwaka 1966 Ukoli, aliyechunguza minyoo wa Ghana na kuipitia jenasi nzima, akatoa Clinostomum tilapiae, "wa tilapia". Mwanaisimu hawezi kukosa kuona kinachoendelea hapa. Jina la kwanza limetokana na umbo, la pili na ndege aliyemhifadhi mnyoo mzima, la tatu na mahali lava anapokaa mwilini, la nne na samaki. Majina manne, vigezo vinne. Ni kama orodha ya ngeli ambamo ya kwanza imepatikana kwa kiambishi, ya pili kwa upatanisho, ya tatu kwa maana na ya nne kwa sauti, kisha zote zikawekwa bega kwa bega kana kwamba zinajibu swali moja.

Jina, bila shaka, si hoja. Kanuni za kimataifa haziruhusu jina kubadilishwa kwa sababu tu halifai. Clinostomum tilapiae litabaki hivyo ingawa samaki wengi waliokuwa wakiitwa Tilapia wamehamishiwa jenasi nyingine. Kazi kubwa ya Ethelwyn Trewavas ya mwaka 1983 ndiyo iliyoimarisha mgawanyo huo, na tilapia wa Nailo leo ni Oreochromis niloticus. Mnyoo amebaki na jina la mwenyeji aliyekwisha kubadilishiwa la kwake.

Tatizo halisi ni jina kutumika kwa asiyehusika. Kwa miaka mingi jina complanatum lilikuwa likitumiwa na baadhi ya watafiti kwa lava wa manjano waliopatikana mbali na Ulaya. Kule Amerika kulikuwa na mnyoo aitwaye Clinostomum marginatum, na mabishano yalikuwa marefu: je, huyo ni spishi kamili au ni complanatum yule yule aliyevuka bahari? Mwaka 2011 Caffara na wenzake walilinganisha maumbile pamoja na vinasaba vya lava na vya minyoo wazima, wakaonyesha kwamba ni spishi mbili. Ikumbukwe kwamba umbo halikutupwa. Vinasaba viliwaonyesha watafiti mahali pa kutazama, nao walipotazama upya wakaona tofauti za umbo ambazo hapo awali zilikuwa zikipotea katika wingi wa vipimo.

Nchini Kenya kisa cha cutaneum ndicho kilicho wazi zaidi. Tangu 1964 spishi hii ilikuwa ikijulikana kwa lava tu. Mwaka 2010, watafiti wa Italia na wa Kenya wakiongozwa na Gustinelli walichapisha kwa mara ya kwanza maelezo ya mnyoo mzima, aliyepatikana kwa korongo wa kijivu nchini Kenya, pamoja na maelezo mapya ya lava kutoka kwa tilapia wa Nailo. Miaka 46 ilipita kati ya jina na uthibitisho. Katika miaka yote hiyo jina lilikuwa sawa na kiingizo cha kamusi chenye kidahizo bila fasili: liliandikwa na kunukuliwa, ila mzazi wa lava hajulikani.

Kwa nini jambo hili limhusu mtu asiye mwanabiolojia? Kwanza, kuna afya. Huko Japani na Korea watu waliokula samaki wabichi wa maji baridi wamewahi kupatwa na lava wa Clinostomum kooni, na visa hivyo vimehusishwa na complanatum. Mwandishi wa Afrika Mashariki anayelibandika jina hilo kwa lava wa tilapia wetu analeta pamoja na jina historia yote ya ugonjwa huo, ilhali pengine mnyoo aliye mbele yake ni mwingine. Yule anayeondoa jina hilo naye asidhani amethibitisha usalama. Samaki aliyepikwa akaiva hana shida, na mapishi yetu yametukinga bila kungoja wanasayansi wakubaliane. Pili, kuna mfugaji wa samaki. Samaki mwenye vivimbe vya manjano hukataliwa na mnunuzi hata kama hana madhara. Mfugaji anayetaka kukata mzunguko wa mnyoo anahitaji kujua ni konokono yupi na ndege yupi wanaohusika, na maarifa hayo hufungamana na spishi. Jina likikosewa, ushauri nao hukosea.

Samaki mmoja majina matatu, mnyoo mmoja jina moja

Sasa turudi kwa yule tegu wa Linnaeus. Ziwani Victoria kuna samaki mdogo ambaye Wakenya humwita omena, Watanzania dagaa na Waganda mukene. Kwa wanasayansi ni Rastrineobola argentea. Baadhi ya omena huwa na tumbo lililovimba. Wakipasuliwa, huonekana utepe mweupe uliojikunja, wakati mwingine mkubwa kiasi cha kushangaza ukilinganishwa na mwenyeji wake. Huyo ni lava wa Ligula. Huudumaza uzazi wa samaki, na kwa ndege mla samaki anakoishia maisha yake ya utu uzima ni ya siku chache tu.

Hapa utata umegeuka kichwa chini. Kwa Clinostomum majina yalikuwa mengi na uhakika mdogo. Kwa Ligula jina lilikuwa moja, intestinalis, na lilitumika kuanzia Ulaya hadi Afrika na Australia. Sababu ni kwamba mnyoo huyu hana mengi ya kuonyesha: mwili wake wa lava ni utepe usio na pingili zinazoonekana wazi kwa nje. Umbo liliponyamaza, watu walidhani kwamba tofauti hazipo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Bouzid na wenzake mwaka 2008 ulionyesha makundi yaliyotengana kwa jiografia na kwa aina ya samaki, wakiwemo minyoo wa Ethiopia waliojitenga na wa Ulaya. Utafiti mpana zaidi wa mwaka 2023, wa Nazarizadeh na wenzake, unazungumza waziwazi juu ya mkusanyiko wa spishi. Mipaka ya spishi hizo na majina yake ni kazi ambayo haijakwisha. Kwa hiyo anayeandika leo kwamba omena ana Ligula intestinalis anaandika jina pana, lenye maana ya "Ligula wa namna hii" kuliko "Ligula huyu hasa".

Mto wa Norwei

Mfano wa tatu uko mbali na maziwa yetu, lakini haupaswi kurukwa kwa kuwa ndio unaoonyesha gharama ya utata kwa uwazi mkubwa. Gyrodactylus salaris ni monojenea mdogo mno, chini ya milimita moja, aliyepewa jina na Malmberg mwaka 1957 kutokana na samoni wa Sweden. Wanaomchunguza hustaajabishwa na uzazi wake: hazai mayai bali mtoto kamili, na ndani ya mtoto aliye tumboni tayari kuna mtoto mwingine anayekua. Mnyoo mmoja akimfikia samaki anaweza kuanzisha ukoo mzima.

Samoni wa upande wa Bahari ya Baltiki kwa jumla humvumilia. Mwaka 1975 aligunduliwa nchini Norwei, ambako samoni hawakuwa na kinga hiyo, na katika miaka iliyofuata mito zaidi ya 40 ikaambukizwa. Serikali iliamua kutia sumu iitwayo rotenoni katika mito mingi: samaki wote wanauawa ili mnyoo akose wa kumtegemea, kisha mto unarudishiwa samaki waliohifadhiwa kwingineko. Ni dawa kali.

Kando ya mnyoo huyo kuna Gyrodactylus thymalli, aliyeelezwa mwaka 1960 kutoka kwa samaki wa jenasi ya Thymallus, naye hajulikani kwa kuua samoni. Kulabu zao karibu zinalingana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba minyoo hao hawagawiki katika makundi mawili safi kwa kufuata samaki wanaoishi naye, nasaba zimechanganyika. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba ni spishi moja yenye tabia mbalimbali, na wapo wanaosita. Msomaji aone uzito wa swali. Sheria hutaja jina. Ikiwa ni spishi mbili, mto wenye thymalli ni mto salama. Ikiwa ni spishi moja, basi mto huo una salaris, na yote yanayofuata jina hilo yanaweza kuufuata. Swali ambalo darasani lingeitwa la istilahi tu, hapa linaamua kama mto utiwe sumu.

Ngeli inayovunjika

Katika daraja la juu mambo si tulivu zaidi. Tofauti kati ya minyoo wenye kizazi kimoja na wenye vizazi viwili ilitolewa na Van Beneden wa Ubelgiji mwaka 1858, na kutokana nayo likaja jina Monojenea. Kwa muda mrefu kundi hili lilihesabiwa kuwa tawi la trematoda. Bychowsky wa Urusi aliona vingine: mwaka 1937, akizingatia kulabu za lava, alidai kwamba monojenea wako karibu zaidi na mategu, naye akawapa ngeli yao kwa jina Monogenoidea. Kukazuka mabishano juu ya kundi na mengine juu ya jina la kundi. Hata mwaka 1995 makala yalikuwa bado yakiandikwa kutetea jina moja dhidi ya jingine. Wanaofahamu mivutano yetu kuhusu "isimu" na "lugawiya" hawatashangaa.

Odhner, mwaka 1912, alikuwa amewagawa monojenea katika mafungu mawili kwa kuangalia kiungo cha nyuma cha kujishikizia: wenye kiungo kimoja na wenye viungo vingi. Uchunguzi wa jeni nyingi kwa pamoja uliochapishwa mwaka 2023 na Brabec na wenzake ulifikia matokeo kwamba mafungu hayo mawili hayana mhenga wa peke yao. Kwa maneno mengine, Monojenea si nasaba. Watafiti hao walipendekeza ngeli mbili, Monopisthocotyla na Polyopisthocotyla, na jina la zamani liachwe. Pendekezo hilo limeanza kukubaliwa, ingawa vitabu vya kufundishia vilivyopo madarasani bado vimejaa jina la awali, na itachukua muda kabla ya mwalimu wa shule kulisikia.

Kiswahili kiandike vipi?

Maswali haya yanakigusa Kiswahili kwa sababu lugha hii inaendelea kuundiwa istilahi za sayansi, na muundaji wa istilahi hana budi kuamua. Kishawishi kikubwa ni kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila jina la Kilatini na kujaza orodha. Kwa minyoo bapa, kishawishi hicho ni cha hatari. Anayebuni leo jina zuri la Kibantu kwa Monojenea anaweza kuwa anajenga nyumba juu ya kiwanja kinachogawanywa. Afadhali utohozi wa wazi, "monojenea", unaomkumbusha msomaji kwamba jina limeazimwa na linaweza kurudishwa, na nguvu za ubunifu zielekezwe kwenye yale ambayo hayabadiliki kila mwanavinasaba anapoongea: hatua za maisha, viungo vya mwili, mahali mnyoo anapokaa. Kulabu ni kulabu hata ngeli ikivunjika. Kinyonyeo, kifuko, lava na mwenyeji ni maneno yaliyo tayari kutumika, na mengi yanaeleweka na mvuvi bila kamusi.

Jambo la pili ni la mtindo. Taarifa zetu za Kiswahili kuhusu samaki hupenda kauli ya mkato: samaki ana mnyoo fulani. Kiswahili kina njia nyingi za kupima uhakika, na hakuna sababu ya kuzinyima sayansi. "Lava wa jenasi ya Clinostomum" ni kauli ya kweli pale ambapo spishi haijathibitishwa. Kutaja spishi bila mnyoo mzima au vinasaba ni kudai zaidi ya macho yalivyoona. Wanabiolojia wenyewe huishi na majina ya muda. Mwaka 2017 Caffara na wenzake walichapisha uchunguzi wa lava wa samaki wa Afrika, wakamweleza upya tilapiae wa Ukoli, na kando yake wakakuta lava ambao hawakulingana na spishi yoyote yenye jina. Hawakuwabunia majina. Waliwapa namba, na namba hizo zitakaa mahali pa jina hadi mtu apate, kooni mwa ndege fulani, mnyoo mzima anayelingana nao.